Udongo kwenye Bandeji

Siku ya tisa baada ya upasuaji, Nereida aliamka mchana akakuta udongo mwekundu kwenye bandeji, chini ya unyayo wa kushoto. Hakuwa ameshuka kitandani.

Farasi ndiye aliyemwangusha kwenye mashamba ya kahawa, milimani juu ya mji wa Jarabacoa. Hospitalini walimfungua kifundo cha mguu, wakatoa vipande vya mfupa, wakakaza skrubu mbili. Daktari alimwambia waziwazi: "Wiki sita usiukanyagie. Uuweke juu ya mito, usilowe maji. Jeraha likinuka, shavu la mguu likivimba, au pumzi ikibana, usingoje kesho."

"Umetembea wewe," alisema Mirtha, dada yake. "Kichwa kigumu kama mama."

"Dada, sijakanyaga. Hata chooni si unanibeba wewe?"

Kesho yake nyayo zilikuwa sakafuni: mguu mmoja, wa kushoto, kutoka mlango wa nyuma mpaka kitandani. Mirtha aliinama kuzitazama. Vidole vilielekea mlangoni, visigino kitandani, na bado udongo ulikuwa mzito mlangoni, ukipungua kuja ndani.

"Ameingia," alinong'ona. "Ciguapa." Hakuna mlimani asiyemjua jini huyo wa kike, ambaye nyayo zake zimegeukia nyuma.

Mchana ule, nyumba ikiwa imelala, mbwa wamenyamaza, Nereida alisikia unyayo mtupu ukigusa sakafu, kisha kimya, kisha ukagusa tena, karibu zaidi, na harufu ya kuvu mbichi ikajaa chumbani, na skrubu ndani ya mfupa zikaanza kupoa, zikapoa mpaka meno yakagongana, na akashindwa hata kumwita dada yake.

Mganga aliyeitwa na Mirtha, mzee Eligio, alinusa bandeji kwanza. "Ingekuwa usaha, ningewarudisha kwa daktari sasa hivi. Hii ni harufu ya mlima." Akafukiza majani, akaomba hadi sauti ikakauka. Kitu kilitoka kwa mlango wa nyuma, migomba ikainama. Nyayo hazikuonekana tena.

Wiki ya sita daktari aliitazama picha ya mfupa, akaridhika. "Anza na uzito kidogo. Ganzi ni kawaida."

Nyumbani, Nereida akashika magongo. Mirtha akasimama mbele yake, mikono wazi.

"Njoo kwangu."

Nereida akausukuma mguu mbele. Mguu ukapiga hatua, nyuma. Ukapiga nyingine.

"Njoo, Nere. Mbona unaniogopesha?"

"Si ninakuja hivi, dada?" alisema Nereida kwa utulivu, huku akizidi kwenda mbali, kuelekea mlango wa nyuma, uliofungukia mlimani.