Bwawa Lililong'aa Ghafla

Jumatatu asubuhi Inspekta Frida alikuta perege wakielea matumbo juu kwenye bwawa la mwisho kati ya mabwawa ya kusafishia maji ya rangi, nyuma ya karakana ya batiki ya Rozalia, Ujiji. Bwawa la kwanza, lenye tope la vijidudu vinavyokula sumu ya rangi, liling'aa kama maji ya kunywa.

"Vijidudu vyangu vimekufa," alisema Rozalia. "Nikiyafungulia maji haya, sumu inaingia ziwani. Nisipoyafungulia, wanawake wangu hawana kazi. Ni Castory! Ijumaa nilimfukuza kazi ya ulinzi, akaapa kunikomesha."

Castory alikuwa rumande tangu Jumapili, Rozalia alipotoa taarifa kituoni.

"Afande, nimegombana na yule mama, sikugombana na maji," alisema. "Ningetaka kumkomesha, si ningemwaga mapipa ya rangi yaliyo palepale?"

Frida hakupenda ujeuri wake, lakini hoja ilimkaa akilini. Rangi ingeyatia maji weusi. Haya yalikuwa yameng'arishwa. Akarudi bwawani, akainama, akanusa. Klorini. Majani kutoka bwawani hadi uzio wa jirani yalikuwa yamebabuka, meupe. Ng'ambo ya uzio, kwa Mzee Zubery, mjumbe wa mtaa, turubai la harusi lilikuwa bado halijashushwa.

"Shikamoo, mzee. Harusi ya Jumamosi ilikwendaje?"

"Marahaba. Alhamdulillahi! Wakwe wametoka Bujumbura, wamekula, wamesifu."

"Hawakulalamikia harufu?"

"Harufu gani? Palikuwa shwari."

"Mtaa mzima unasema bwawa lilinuka mpaka Ijumaa. Likaacha siku ya harusi yako. Na ile klorini ya kipindupindu ya mtaa, anaitunza nani?"

Rozalia alikuwa amefika mlangoni, mikono kiunoni. Mzee Zubery akavua kofia.

"Ninaitunza mimi. Wageni waseme binti yangu katoka jalalani? Chooni tunamwaga, uchafu unakufa, harufu inakwisha. Nilijua nalisafisha."

"Ungeniita tu, jirani!" Rozalia alifoka. "Choo hakina kazi ya kufanya. Tope lile lina kazi!"

"Na Castory alipotiwa pingu hapa nje?" Frida aliuliza.

"Niliona haya, mwanangu."

"Mtu kalala rumande kwa ajili ya haya zako. Vaa viatu, mzee. Maelezo hayo utayarudia kituoni, yeye akisikia."

Castory aliachiwa mchana ule. Rozalia alimwomba radhi kwa maneno machache, akamrudishia lindo. Maji yaliachwa juani mpaka klorini ikaisha, kisha kiwanda kimoja cha sabuni cha Mwanga kikawapa tope hai kutoka bwawa lake.

Frida alipopita kuwaona, Mzee Zubery, kesi yake ikisubiri, alikuwa anabeba ndoo za tope, Castory akimwelekeza.

"Taratibu, mjumbe! Hao ni wafanyakazi, usiwarushe."

Mzee akatua ndoo, akahema. "Rozalia, kwa hiyo litanuka tena?"

"Omba linuke, mzee. Likinuka, tumepona."

Mzee Zubery akainamia bwawa, akanusa kwa bidii.

"Bado," alisema kwa huzuni, akaifuata ndoo nyingine.