Ufa wa Kombe la Chaza

Walikutana kwenye foleni ya vifurushi, saa ile ya watu kukanyagana. Fundi wa makumbusho, ambaye kazi yake ni kuunga vyungu vya kale, aligeuka akampiga kikumbo binti wa gauni la kijani. Sanduku la binti likaanguka. Ndani mlikuwa na kombe la chaza lililokwisha kuwa jiwe tangu zama za kale.

"Likivunjika hili nimekwisha," binti alisema. "Sina jingine."

Fundi aliomba akalikague. Karakanani akaona ufa. Mwenye akili zake angesema. Yeye alikuwa ameshapenda, basi akaogopa. Alisaga kombe la chaza aliyevuliwa juzi, akachanganya na gundi, akaziba ufa usionekane kabisa. Alilirudisha akitabasamu, naye akapewa namba ya simu.

Miezi minane walipendana mpaka rafiki zao wakachoka nao. Binti, mtafiti wa bahari za kale, alimweleza kwamba chaza hujijengea kombe kutokana na maji aliyomo. Binti huchota unga wa kombe kwa keekee nyembamba ya kutobolea, mstari kwa mstari wa ukuaji, na kemia ya kila mstari humwambia bahari ilikuwa na joto gani wakati huo.

Asubuhi ya kuwasilisha matokeo binti akapiga simu.

"Mpenzi, hujui nilichokipata. Baridi, baridi, halafu katikati ya kombe joto linaruka ghafla, kama maji ya leo. Nimejenga kila kitu hapo. Wakikubali, wananiajiri."

Fundi aliukumbuka unga wake. Akinyamaza, amepata mke. Lakini wapo watakaopima upya, na aibu itakuwa ya binti peke yake.

"Hapo katikati ni mimi," alisema. Akaeleza yote, ufa, unga na gundi.

Simu ikakatika. Alipiga mara kumi na moja, ikaita bure.

Jioni binti alipiga mwenyewe. Alikuwa ameyaondoa matokeo mbele ya wakubwa wote, na nafasi amepewa mwingine. Fundi alilia bila haya, akaomba msamaha, akasema yuko tayari kumwoa hata kesho.

"Siku ile ungesema tu limepasuka," binti alisema taratibu, "ningelia nusu saa, kisha ningekupenda vilevile."

Akamwomba asimpigie tena.