Maji Yakifika, Andika Kina

Filipo wa Kinyangiri hakuwa mwongo, na anayesimulia habari zake naye chumvi haongezi; kwetu Singida chumvi iko ziwani, mwenye haja akachote. Alikuwa mjomba wa mke wangu. Haya yalimpata mchana kweupe, mwaka ule wa njaa, watu walipokwisha kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, tembe zimepangwa mistari kama wanafunzi wa gwaride.

Mambo yenyewe yalianza vizuri. Land Rover ya wazungu wa bwawa ilisimama mlangoni kwake. Wazungu hao walitumwa na wenye fedha wa Ulaya, waliotaka kuuziba mto wetu wapate umeme wa kuuza. Mto wenyewe wakati huo mchanga mtupu, mbuzi wanalala humo. Walikuwa wamesimika katikati ya mchanga ubao mrefu wa namba. Mkalimani wao, Antipasi, kijana wa suti safi na maneno ya haraka, akamkabidhi Filipo daftari na kalamu.

"Mzee Filipo, kila asubuhi nenda kwenye ubao. Maji yakifika, andika kina. Yasipofika, andika vilevile. Wakubwa hawataki mstari mtupu."

"Kina," akasema Filipo.

"Kina. Basi." Akamtupia na sigara.

Filipo alikuwa na darasa la pili, na la pili la siku zile, msicheke, lilitosha kumfundisha mtu majivuno. Lakini neno lile alilijua la nyumbani tu: kina fulani, kina nani. Tena kijiji kizima kilishasikia kwamba bwawa likijaa litameza nyumba. Akaona amepewa kazi ya kuandika watakaofikiwa na maji, ili wahamishwe.

"Sasa mimi ndiye wa kusema nani ahame," akamwambia mkewe, Martha.

"Haya, bwana mkubwa. Unaanza na nani?"

"Na wenye mbuzi."

Jumatatu akaandika, kwa mwandiko wake wa kuinama: Kina Mazengo. Mbuzi wa Mazengo walikuwa wamemmalizia mtama. Jumanne akaandika: Kina Anastazia. Mama huyo alimcheka kanisani aliposoma somo akaruka mistari.

Jumanne hiyo hiyo adhuhuri, ng'ombe wa Mazengo walilia zizini hadi majirani wakaenda kutazama. Mlango wazi. Baba hayupo, mama hayupo, watoto watano hawapo. Ugali umebaki kwenye sahani, umelowa na kuvimba. Kuta zimelowa hadi kifuani, kwa mstari ulionyooka kama uliopigwa rula. Na ndani ya kinu cha kutwangia, katika nchi isiyoona mvua mwaka mzima, kambare mmoja hai, anafumbua mdomo na kuufumba.

"Mkono wa mtu huu," wakanong'ona.

Kesho yake moshi haukutoka kwa Anastazia. Huko kuta zilikuwa zimelowa hadi kwenye miti ya dari.

Filipo alichukua daftari, akaenda kwa Ezekieli, balozi wa nyumba kumi, mtu aliyewahi kuwa karani wa misheni.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba. Kuna nini?"

Filipo akamweleza. Ezekieli akasoma. Akasoma tena.

"Ndugu yangu, kina ni urefu wa maji kwenda chini. Ulitakiwa uandike namba. Maji hakuna, unaandika sifuri."

"Sifuri?"

"Sifuri. Ningekucheka, ila..." Akashusha sauti. "Na leo kwa nini umejiandika mwenyewe?"

"Leo sijaandika."

Ezekieli akamgeuzia daftari. Mstari wa Jumatano. Kina Filipo. Mwandiko wa kuinama, wake kabisa. Haukuwa wa wino. Ulikuwa wa maji, na haukukauka.

Filipo alikimbia, daftari na kalamu mkononi. Jua utosini. Nje ya tembe yake, vumbi. Ndani, maji.

Yalipanda kutoka ardhini. Meusi. Kimya. Martha amesimama katikati, mtoto mgongoni, maji magotini.

"Baba Esta," akanong'ona, "miguu haitoki. Nimeshikwa."

"Na nani?"

"Mikono. Midogo. Ya watoto."

Filipo akalikata jina. Likarudi. Akaandika sifuri. Sifuri ikazama ndani ya karatasi. Mstari ukabaki mtupu, na mstari mtupu haukutakiwa. Maji yakapanda kidogo. Mtoto mgongoni akanyamaza.

Akaandika jina la kwanza lililomjia, lisilo la mtu wa kijiji.

Kina Antipasi.

Maji yakashuka. Sakafu ikayanywa yote. Martha akaanguka kwenye vumbi, nguo zake kavu, na mtoto akalia.

Alhamisi, wachungaji waliikuta Land Rover katikati ya mto mkavu. Vioo vimepandishwa. Ndani maji yamejaa hadi juu, safi, yametulia. Mkalimani hakuwemo, wazungu hawakuwemo. Pakiti ya sigara ilikuwa inaelea.

Wenye fedha wakapeleka fedha zao kwingine. Filipo akalifukia daftari chini ya ule ubao, na hakugusa tena sigara hadi anakufa.

Nilipooa, nilionyeshwa mstari wa maji kwenye ukuta wa tembe ile. Ulikuwa gotini. Wakiukandika kwa udongo mpya asubuhi, adhuhuri umerudi, umelowa. Mwezi uliopita nilipita kumsalimu mama Esta, nikajipima tena pale ukutani. Ulinifika kiunoni. Na mimi, muulizeni yeyote anayenijua, ni mrefu.