Taa za Kijani za Ukumbi wa Tatu

Taa ziliwaka kijani moja baada ya nyingine, kuanzia safu ya mbele hadi kule juu walikokaa wa kuchelewa, na Ukumbi wa Tatu wa Chuo Kikuu cha Miamba, mjini Singida, ukang'aa kama shamba la mahindi baada ya mvua. Kila kiti kilikuwa na taa yake. Ndani ya egemeo la kila kiti kulikuwa na kihisio kilichosoma joto la uso wa mwanafunzi, mboni za macho yake na pumzi zake, kisha kikatoa hukumu: kijani, ameelewa; njano, anababaika; nyekundu, ameachwa nyuma. Mtambo huo uliitwa kipimauelewa. Wanafunzi waliuita Mnoko, kwa sababu uliwachongea kwa mwalimu bila hata kuulizwa.

Aliyeubuni alikuwa amesimama mbele yao na kalamu ya ubao mkononi. Elineema Msengi alikuwa mwaka wa pili wa uzamivu, na kama wenzake wote wa uzamivu alifundisha mwaka wa kwanza, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa sharti la kupewa kimeza cha maabara na posho ya kujikimu. Asubuhi alifundisha fizikia ya joto. Mchana alisahihisha mazoezi. Jioni aliandika maombi ya fedha. Utafiti wenyewe aliuchomeka popote palipobaki upenyo. Ukimwuliza anasomea nini, angekwambia sayansi ya uelewa. Ukimwuliza tena kirafiki, angekwambia anasomea kuomba pesa.

Siku hiyo alikuwa hoi. Mfuko wa Elimu Mpya, uliokuwa ukimlipia, ulikuwa umetuma ujumbe asubuhi: mkaguzi atakuja Alhamisi kuuona mtambo ukifanya kazi. Akiridhika, mwaka wa tatu utalipwa na Elineema atamaliza uzamivu wake. Asiporidhika, basi, Elineema arudishe funguo za maabara. Kwa hiyo mwili ulikuwa ubaoni, lakini akili ilishatangulia Alhamisi.

Katikati ya hesabu akakosea alama. Palipotakiwa kutoa, yeye akajumlisha. Hesabu haikulalamika, ikaenda mpaka mwisho, na kwa kuwa alikuwa mwalimu wa kueleza kila jibu kwa mfano wa nyumbani, akageuka na kusema, "Kwa hiyo kikombe cha chai kikiachwa mezani, kinazidi kupata moto. Tumeelewana?"

"Ndiyooo!" ukumbi mzima ukaitikia.

Kijani kila mahali. Taa moja tu ilikuwa nyekundu, safu ya tatu, ya binti mmoja wa Tabora aitwaye Nyamizi, aliyekuwa amekunja uso kama mtu aliyemeza shubiri. Elineema alimwonea huruma kidogo, akaendelea na somo.

Kosa aliligundua kantini. Alikuwa ameagiza chai, akaanza kusoma tena ujumbe wa Mfuko, na alipoinua kikombe chai ilikuwa imepoa. Akaiangalia ile chai. Akaiweka chini polepole.

"Mungu wangu wee," alisema kwa sauti, mpaka roboti ya kufuta meza ikasimama kumwuliza kama anahitaji huduma.

Kosa la ubaoni halikumsumbua. Kila mwalimu hukosea, tena anayesema hajawahi huyo mwogope. Kilichomtia baridi ni zile taa. Ukumbi mzima umeambiwa chai huchemka yenyewe mezani, na mtambo wake, mtambo aliouhangaikia tangu siku ya kwanza ya uzamivu, umesema wote wameelewa. Wameelewa nini?

Alimkuta Nyamizi kwenye varanda ya maktaba, akila karanga.

"Nyamizi, leo nilisema chai ikiachwa inapata moto."

"Ndiyo, Madam."

"Uliona ni kosa?"

Nyamizi akatazama karanga zake. "Nilikuwa naitafuta ile alama, Madam. Nikajua kuna mahali imegeuka, ila sikuiona haraka."

"Na wenzako?"

Hapo binti akashindwa kujizuia, akacheka huku ameziba mdomo. "Samahani, Madam. Waliona karibu wote. Tulivyotoka tulicheka mpaka basi. Kuna mmoja anasema ataacha kununua mkaa."

"Sasa mbona mliitikia ndiyo?"

"Madam, mwalimu akiuliza tumeelewana, mtu utasemaje jamani? Ulikuwa umechoka, tukakuonea huruma. Halafu ilikuwa karibu saa ya chakula."

"Na kama hujaelewa kweli?"

"Unaitikia tu. Halafu unamwuliza mwenzio nje."

Elineema alirudi maabara karibu anakimbia, kwa sababu alishajua tatizo liko wapi, na liko kwake. Mtambo wa aina hii haujui chochote mpaka ufundishwe. Unauonyesha nyuso maelfu, na kila uso unauambia: huyu ameelewa, huyu hajaelewa. Njia ya haki ya kujua nani ameelewa ni kumpa mtihani kila baada ya maelezo. Lakini mitihani inataka wasahihishaji, wasahihishaji wanataka malipo, na mwaka ule fedha za Mfuko zilichelewa kama kawaida yake. Elineema akatumia njia ya mkato. Aliwaomba wahadhiri waulize "Tumeelewana?" kila mwisho wa kipengele, na aliyeitikia ndiyo akaandikwa ameelewa. Aliyenyamaza akaandikwa hajaelewa.

Hakuna aliyeshangaa wakati ule. Profesa wake hakushangaa, wala jopo la chuo halikushangaa, kwa kuwa wote walikuwa wamekulia katika madarasa yale yale na wamewahi kuitikia ndiyo ile ile. Mgeni wa mbali pengine angeuliza. Wao waliiona ni jibu.

Basi mtambo ulijifunza ulichofundishwa. Ulijifunza sura ya mtu anayesema ndiyo: uso uliolegea, pumzi tulivu, macho yanayomtazama mwalimu kwa adabu. Elineema akafungua matokeo ya mitihani ya muhula uliopita na kuyapanga pamoja na rangi za taa. Wenye kijani cha kudumu walikuwa wa kawaida, wengine chini ya kawaida. Waliofaulu vizuri walikuwa wengi wao wenye njano na nyekundu, kina Nyamizi, wanaokunja uso na kushikilia pumzi. Mtu anayefikiri, mtambo ulimhesabu ameachwa nyuma. Elineema aliona aibu, ile aibu inayopandisha joto mpaka masikioni.

Kesho yake alimweleza msimamizi wake, Profesa Rwegoshora, mzee mtanashati aliyevaa tai hata siku za joto. Profesa alisikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu.

"Mwanangu, hilo ni la kuandika kwenye sura ya mapungufu. Kila tasnifu ina sura ya mapungufu, na sijawahi kukutana na mtu aliyeisoma."

"Profesa, Mfuko unataka kuifunga hii mitambo sekondari zote, pamoja na walimu-mitambo. Mwalimu-mtambo anasubiri darasa liwe kijani, kisha anasonga mbele. Watoto watakuwa wanaitikia tu, na kitabu kinaisha."

"Na sasa hivi wanafundishwa na nani? Zipo shule hazijaona mwalimu wa fizikia tangu zijengwe. Mtambo wenye kasoro si afadhali kuliko ubao mtupu?" Akashusha sauti. "Halafu usijifikirie peke yako. Wako vijana wawili wa uzamili wanaokula humo humo. Pata fedha kwanza. Mwaka wa tatu utarekebisha."

Na huo ndio ulikuwa mtego wenyewe. Kuurekebisha mtambo kulihitaji mwaka mmoja wa mitihani na wasahihishaji, mwaka huo ulihitaji fedha, na fedha zingepatikana tu kama hakuna anayejua kwamba kuna cha kurekebisha. Elineema alitaka sana kuitwa daktari. Alitaka hivyo tangu akiwa kidato cha pili, na hakuna sababu ya kumpamba kana kwamba hakujali.

Alhamisi mkaguzi akafika. Aliitwa Bi. Thuwaiba, mama wa makamo kutoka Unguja, buibui limenyooka, miwani ya dhahabu. Elineema alimwamkia shikamoo, akajibiwa marahaba kwa upole, na mgeni akaketishwa kiti cha mbele chenye taa yake kama viti vingine. Kipindi kilikwenda vizuri kupita kiasi. Wanafunzi walikuwa wamesikia kwamba leo ndiyo leo kwa Madam wao, wakaja wote, hata wa kutoroka wakaja, na wakampa kijani cha mapenzi. Hata Nyamizi alijitahidi kukunjua uso.

"Mashaallah, yapendeza," alisema Bi. Thuwaiba. "Haya, nieleze mwanangu, wafanyaje kazi mtambo huu?"

Elineema akaeleza. Alieleza kihisio, alieleza nyuso maelfu, kisha akavuta pumzi na kueleza njia ya mkato, na kwamba kwa sababu yake mtambo unapima adabu badala ya uelewa. Alisema yote, kwa lugha ya kitaalamu. Profesa alikohoa mara tatu. Bi. Thuwaiba alitikisa kichwa kwa kila sentensi, na taa yake ilikuwa kijani kibichi mwanzo hadi mwisho.

"Nimefahamu," alisema mgeni, akifungua mkoba. "Kazi nzuri sana. Tutie saini."

Angeweza kuishia hapo. Ukweli alishausema mbele ya mashahidi, na kama haukusikika, kosa ni la nani? Profesa alikwisha kutoa kalamu, uso umemnawiri. Elineema aliiangalia ile kalamu, na moyo wake ukasema chukua, chukua mama, umeteseka vya kutosha.

"Samahani sana, Bi. Thuwaiba," alisema. "Naomba unirudilie nilichosema."

Mtu mzima, tena mgeni, tena mwenye fedha, haulizwi hivyo. Hilo ni swali la kumwuliza mtoto aliyekuwa anasinzia.

"Elineema!" Profesa alinong'ona kwa ukali.

Bi. Thuwaiba alivua miwani. Uso ulimbadilika. Taa yake ikawa njano. Ikawa nyekundu.

"Sikufahamu," alisema hatimaye. "Nilikuwa naiwaza treni ya kurudi, nawe ulikuwa wasema vizuri, nikaona aibu kukukatiza. Anza tena. Polepole, na hayo maneno makubwa yaweke kando."

Elineema akaanza tena, safari hii kwa kikombe cha chai. Bi. Thuwaiba aliuliza, akakatiza, akarudia, akauliza tena. Wanafunzi waliposikia habari ya chai waliinamisha vichwa kwa haya.

"Kwa hivyo kijani ni adabu."

"Ni adabu, Bi. Thuwaiba."

"Na nyekundu?"

"Mara nyingi ni mtu anayefikiri."

Mkaguzi aliitazama taa yake nyekundu, kisha akageuka kuutazama ukumbi nyuma yake. Alifunga mkoba taratibu.

"Nisingefahamu, ningetia saini na wewe ungesoma," alisema. "Sasa nimefahamu, na siwezi. Fedha nilizonazo ni za mtambo uliokwisha kuwa tayari. Za kuutengeneza upya hazipo, na wallahi kama zingekuwapo ningekupa wewe." Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, kama mtu aliyefika msibani, akatoka. Profesa alimfuata mbio hadi mlangoni, na sauti yake ikasikika koridoni ikibembeleza, mpaka haikusikika tena.

Elineema alilia. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akalia pale pale mbele ya mwaka wa kwanza. Posho yake ilikuwa inaishia mwisho wa mwezi, na kipindi kilikuwa bado kina nusu saa.

Nyamizi alinyoosha mkono.

"Madam, mimi kile kipengele cha leo sijakielewa. Na cha juzi pia."

Elineema alijifuta uso kwa kiganja. "Cha juzi kipi?"

"Mimi tangu wiki iliyopita, Madam," alisema kijana mmoja wa nyuma.

Aligeukia ubao na kuufuta wote. Alipogeuka tena kuuliza waanzie wapi, mikono iliyokuwa juu ilikuwa mingi kuliko muda uliobaki.