Bwanangu wa Kwanza

"Phanu, usifunge hiyo kompyuta namba tatu, bado naandikia watu," Wamuyu alisema akichukua mkoba. "Nafika soko la Toi mara moja simu iwekewe kioo."

"Enda tu. Hakuna mtu ataigusa."

Simu ya Wamuyu ilikuwa imeanguka asubuhi hiyo, kioo kikawa cheusi tii, ingawa simu yenyewe bado ilikuwa inafanya kazi. Bahati nzuri Phanuel, mchumba wake na mwenye saiba, duka la intaneti, pale Lindi, Kibera, alikuwa ameshaiunganisha na kompyuta. Ukiandika kwa kibodi, ujumbe unapitia simu yako na kumfikia mtu kwa yake. Alimfundisha Wamuyu mwenyewe, akajisifu wiki nzima.

Wamuyu alipopotea kona, Phanuel alisogea namba tatu. Alitaka kuangalia tu kama mtandao uko sawa, au hivyo ndivyo alivyojidanganya. Juu kabisa ya orodha paliandikwa: *Bwanangu wa Kwanza*.

Akafungua.

*MKE WANGU WIKI MBILI SIJAKUONA. UMENISAHAU?*

*Siwezi kukusahau. Nakuja Kawangware Jumamosi, nitakupikia mukimo.*

*NA YULE KIJANA WA KIBERA?*

*Hajui bado. Wacha tuongee kwanza mimi na wewe.*

Phanuel alisoma mara tatu. Jamaa mwenyewe aliandika kwa herufi kubwa, kama mtu asiye na haja ya kujificha. Wivu ukampanda hadi masikio yakawaka. Miaka miwili ya uchumba, wazazi wake mwenyewe wameshaambiwa, kumbe yeye ndiye yule kijana wa Kibera. Bwana wa pili, tena bila kujua.

Mtu mwenye akili angengoja amuulize. Phanuel alivuta kiti.

*Tuachane. Nimepata mwanaume wa kunitosha. Wewe nguvu zako zimeisha. Usinitafute tena.*

Akabonyeza. Ujumbe ukaenda. Jibu lilikawia, na lilipokuja lilikuwa fupi.

*SAWA MKE WANGU. NIMESOMA.*

Alitegemea matusi. Hilo jibu la upole lilimkera zaidi.

Saa sita Wamuyu alirudi, kioo kipya, macho mekundu. Hakukaa, alimwonyesha simu.

"Phanuel, ni nani ameandika hii?"

"Ni mimi. Na usijifanye unalia. Huyo bwanako ni nani?"

"Shangazi Gathoni amenipigia. Anasema babu yangu, guka, amejifungia kwa nyumba, chai hataki, anasema Wamuyu amemkataa."

"Guka ameingiaje hapa?"

"Ndiye huyo umemwambia nguvu zimeisha."

Phanuel aligeukia namba tatu, akasoma tena lile jina.

"Mimi ni Wamuyu, jina la cucu, nyanya yangu, mke wake," alisema polepole, kama anayemweleza mtoto. "Kwa hilo jina, guka alinioa kwa utani siku nilizaliwa. Kwani dani, nyanya yako huko Siaya, hukuita nani?"

Phanuel aliangalia sakafu. "Chuora."

"Maana yake?"

"Bwanangu."

"Na hakuna mtu amewahi kuandikia dani yako barua ya talaka."

"Lakini uliandika kwamba mimi sijui bado. Sijui nini?"

"Kwamba guka ndiye atakaa mbele wazee wenu wakikuja kuniposa. Nilikuwa namwomba. Bila yeye hakuna mtu kwetu atafungua mlango. Sasa twende, utamwambia mwenyewe."

Walipanda matatu hadi Kawangware. Mzee Kagiri, guka mwenyewe, alikubali kufungua mlango aliposikia sauti ya Wamuyu. Alikuwa amevaa koti, amefunga vifungo vyote, kisimu chake cha vibonyezo mkononi. Akampa Phanuel.

"Nisomee. Macho yangu pengine yalikosea."

"Guka, tafadhali..."

"Soma."

Phanuel akasoma kwa sauti, neno kwa neno. Alipofika kwa nguvu zimeisha, machozi yakamtoka bila aibu.

"Si Wamuyu aliandika, guka. Ni mimi. Nilidhani ananiacha. Nisamehe."

Mzee alichukua simu yake.

"Ulikuwa na uchungu?"

"Sana, guka."

"Mimi pia. Nimezika Wamuyu mmoja. Leo nikadhani nimepoteza wa pili." Akarudisha simu mfukoni. "Hiyo talaka siitambui, haikuandikwa na mke wangu. Lete wazee wako. Lakini ukifika hapa ujue unaomba mke wa mtu."

Phanuel alishika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili. Kisha akamgeukia Wamuyu, uso umeanza kuchangamka.

"Guka amekusamehe," Wamuyu alisema. "Mimi bado."

"Nifanye nini?"

"Uniulize. Vile ungeniuliza asubuhi, badala ya kuvaa jina langu na kumuumiza mtu wangu."

Phanuel alimsogelea. Mbele ya yule mzee, swali lilikuwa zito kuliko alivyowahi kufikiri.

"Wamuyu, Bwanangu wa Kwanza ni nani?"

"Ni guka wangu."

"Asante."

"Ona," Wamuyu akamwambia, na sasa ndipo machozi yake mwenyewe yalipomshuka. "Ningekujibu hivyo hivyo tu."