Kibuyu cha Bibi na Mwanga wa Buluu

Kila siku akitoka shule, Rhobi hakufika nyumbani kabla ya kupitia kwa mjomba wake, Prosper. Nyumba zao zilipakana, hapo Mwisenge mjini Musoma. Prosper alikuwa fundi simu, ila simu hazikumvuta Rhobi hata kidogo. Kilichomvuta ni mashine iliyokaa mezani katika chumba cha uani: fremu ya chuma yenye ukubwa wa trei ya chai, na kichwa kidogo kilichotembea huku na huko kikitoa mwanga mkali wa buluu. Mwanga huo wa leza ulichoma mbao na kuacha picha au maandishi, kama kazi ya msumari wa moto, ila kwa unadhifu usiowezekana kwa mkono.

Prosper aliiunganisha mashine hiyo mwenyewe, na haikuwa biashara. Ulikuwa mchezo wake wa jioni, tena mchezo wenye vituko. Picha yao ya kwanza, ya samaki aina ya sato, ilitoka bila mkia kwa sababu feni ilikisogeza kibao katikati ya kazi. Plaiwudi moja ilikataa kabisa kukatika, na walipoipasua wakakuta gundi nene ndani yake. Kila walichochonga kilitoka na masizi pembeni, mpaka walipojifunza kubandika kwanza ile karatasi ya gundi wanayotumia mafundi rangi. Kila kituko kilimpa Rhobi swali jipya. Kwa nini mwanga uchome ubao lakini upite kwenye kioo? Kwa nini mti huu utoe rangi ya chai na ule utoe rangi ya mkaa?

"Maswali yako yangekuwa maharage, tungekula mwaka mzima," Prosper alimwambia siku moja huku akimvalisha miwani ya kinga. Lakini alipenda kuulizwa. Alikuwa na masharti mawili tu: mtu asiutazame mwanga ule bila miwani, na mashine isiwashwe akiwa hayupo.

Wiki hiyo nyumbani kwa akina Rhobi kulikuwa na maandalizi. Bibi yake, aliyemzaa mama yake, Dorotea, pamoja na Prosper, alifariki mwaka uliotangulia, na Jumamosi ndugu wangekutana Butiama kwa misa ya kumbukumbu. Rhobi alipewa jina la bibi huyo, ndiyo maana Dorotea alimwita "mama" tangu akiwa mchanga. Baada ya mazishi, kitu kimoja tu cha marehemu kililetwa Musoma: kibuyu chake cha maziwa, cheusi, kinachong'aa, chenye mkanda wa ngozi. Kilitundikwa sebuleni. Dorotea hakuwa mtu wa kulia mbele ya watu. Lakini mara nyingi Rhobi alimwona akipita pale na kukigusa kwa kiganja, kama mtu anayepima joto la mtoto.

Ndugu walikubaliana kwamba baada ya misa, maziwa ya mgando yamiminwe kutoka kwenye kibuyu hicho, kama alivyofanya mwenyewe kila watoto wake waliporudi nyumbani. Rhobi aliposikia hivyo akapata wazo. Angechora juu yake ng'ombe mwenye pembe ndefu, na chini ya ng'ombe jina la bibi. Asingemwambia mtu. Watu wangekiona kibuyu Butiama na kushangaa.

Hakukurupuka. Alitafuta kipande cha kibuyu kipya kilichovunjika, akamwomba mjomba wake wakijaribu. Prosper alidhani ni mchezo tu. Walichora nyota ndogo, nayo ikatoka safi, rangi ya chai ya maziwa. Rhobi akashika kichwani nguvu ya mwanga na mwendo wa mashine.

Jumatano alasiri Prosper alikwenda mtaa wa Kitaji kumpelekea mteja simu yake, na Dorotea alikuwa bado kazini dukani. Rhobi alikichukua kibuyu, akakipeleka kwenye chumba cha mashine. Alikilaza kwenye beseni lenye mchanga wa ziwani ili kisibingirike, akaiinua fremu juu ya matofali kwa sababu kibuyu kina tumbo, akavaa miwani, akawasha. Pembe ya kwanza ilitoka vizuri. Alipoinama kuangalia ya pili, akasikia harufu ambayo haikuwa ya ubao wala ya kibuyu. Ilikuwa harufu ya jikoni, ya samli iliyosahauliwa motoni. Moshi ukawa mzito. Kisha ulimi mdogo wa moto ukasimama juu ya kibuyu.

Alizima mashine na kukifunika kibuyu kwa kitambaa kilicholowa maji. Moto ulikufa mara moja. Alipokiinua kitambaa, mahali pa uso wa ng'ombe palikuwa na tundu linaloweza kupitisha kidole gumba, na kingo zake zilikuwa makaa.

Kabla mjomba wake hajarudi, mchanga ulikuwa umemwagwa, matofali yamerudishwa ukutani, na kibuyu kimetundikwa pale pale sebuleni, tundu likitazama ukuta. Jioni Dorotea alinusa hewa na kuuliza moshi ule umetoka wapi. Rhobi akajibu kwamba majirani wamechoma takataka.

Kesho yake shuleni alimweleza rafiki yake Kija, kwa sababu alihisi asipomwambia mtu atapasuka. Kija alisikiliza akitafuna muwa.

"Mama yako huwaga anakigeuza?" aliuliza.

"Anakigusa tu."

"Basi mpaka Butiama hamna atakayejua. Wakiona, sema panya. Panya wa kwenu si wanakulaga hata sabuni?"

"Panya haachi makaa, Kija."

"Basi sema ni mashine. Mashine haisemi."

Rhobi alicheka kidogo, ila kicheko hakikufika mbali. Alitambua kwamba wakisema ni mashine, mashine ina mwenyewe.

Na ndivyo ilivyokuwa. Alipokaribia nyumbani siku hiyo alisikia sauti ya mama yake katika chumba cha uani kwa mjomba. Dorotea alikuwa amekishusha kibuyu ili akioshe na kukifukiza kwa kijinga cha moto, kama mama yake alivyomfundisha, na kidole chake kikazama kwenye tundu. Hakuhitaji kuuliza. Mtaa mzima ulikuwa na mashine moja tu inayochoma namna ile.

"Vitu vyote vya mjini umevichezea," alikuwa akisema. "Ukaona haitoshi. Ukakifuata na cha mama."

"Dada, sijakigusa," alisema Prosper.

"Kimetembea chenyewe mpaka kwako?"

"Sijui kilifikaje. Nakuambia sijakigusa."

Dorotea alikishika kibuyu kifuani kwa mikono yote miwili. Alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ilimwogopesha Rhobi kuliko kelele. "Jumamosi usipande gari letu. Ukija Butiama, njoo peke yako, na usikae karibu yangu."

Macho ya Prosper yalielekea kwenye meza, yakaliona beseni lenye mabaki ya mchanga na kile kipande chenye nyota alichoombwa na Rhobi, yakaenda mlangoni aliposimama Rhobi. Rhobi alijua hapo hapo kwamba mjomba ameelewa. Alisubiri amtaje. Prosper hakumtaja. Aliinama, akaanza kukusanya bisibisi zake moja moja.

Kama angetajwa, pengine Rhobi angekana. Ule ukimya ndio uliomshinda.

"Mama, ni mimi," alisema. "Mjomba hakuwepo. Nilikichukua, nikawasha mashine, nikachoma. Na jana nilikudanganya kuhusu moshi."

Dorotea hakumpiga wala hakumgombeza. Aliuliza tu alitaka kuchora nini. Rhobi aliposema ng'ombe, na jina, mama yake aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia waziwazi kwa mara ya kwanza tangu siku ya mazishi. Prosper akachuchumaa kando yake. Rhobi hakujua aondoke au abaki, akabaki.

Baada ya muda Dorotea alijifuta uso kwa upande wa khanga. Alimwomba mdogo wake radhi. Prosper akasema yamepita, ingawa sauti yake ilionyesha kwamba bado yanapita. Kisha, kama kawaida yake, akakichukua kibuyu na kukigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Kile kipande hakikuungua," alisema. "Mpangilio wa mashine ulikuwa huu huu?"

"Huu huu."

"Sasa kwa nini hiki?"

Rhobi alikuwa amejiuliza hivyo usiku mzima, lakini hakuwa na mtu wa kumuuliza bila kujifichua. Sasa aliitaja ile harufu ya samli. Dorotea akainua kichwa. Aliwaeleza kwamba kila kiangazi marehemu alikipaka kibuyu samli nje, akakianika, akapaka tena, ili kisipasuke. Tangu Dorotea akiwa msichana alimwona akifanya hivyo.

Walirudi kwenye kile kipande kipya. Prosper alipaka samli upande mmoja, akakianika juani mpaka samli ikazama ndani, wote watatu wakavaa miwani, hata Dorotea, ambaye Prosper alimwambia amefanana na dereva wa pikipiki. Upande mkavu ulitoa nyota nyingine safi. Upande wa samli ulifuka, ukawa mweusi, ukashika moto. Prosper aliuzima kwa kitambaa.

"Kumbe tuliwasha utambi," alisema. "Samli ya miaka yote hiyo, imelala ndani. Ungeniambia unataka kuchoma kibuyu cha nani, ningekuuliza kimepakwa nini."

Bado tundu lilikuwepo, na siku iliyobaki ilikuwa moja. Dorotea alisema vibuyu hupasuka, na watu wamekuwa wakivishona siku zote. Ijumaa Rhobi aliparuza kingo zote zilizoungua kwa kisu kidogo mpaka akafika kwenye sehemu nzima. Prosper alikata kiraka cha mviringo kutoka kwenye upande mkavu wa kile kipande kipya. Kushona aliachiwa Rhobi. Mama yake alimwonyesha mara moja jinsi ya kutoboa kwa msumari wa moto na kupitisha uzi wa katani, kisha akakaa pembeni akichambua mchele. Rhobi alijichoma kidole, akavuta uzi mpaka ukakatika, akaanza upya. Mwisho waliziba mishono kwa nta ya nyuki na kujaza maji. Tone moja likatokeza chini ya kiraka. Wakaongeza nta. Tone halikurudi.

Jumamosi walikwenda Butiama kwa gari moja. Baada ya misa ndugu walikaa uani kwa marehemu, na kibuyu kikaletwa kimejaa. Kiraka kilionekana wazi, cheupe juu ya weusi, na mzee mmoja wa ukoo, Stanislausi, hakuchelewa kuuliza nani amekivisha kibuyu kiraka kama suruali ya mwanafunzi. Watu walicheka. Dorotea alisema mwenye kujibu yupo.

Rhobi alisimama akaeleza yote, kuanzia pembe ya kwanza mpaka uongo wa takataka, na jinsi mjomba wake alivyosemwa kwa kosa lisilo lake. Wengine walitikisa vichwa. Mzee Stanislausi alitaka kujua zaidi kuhusu mashine, na kama inaweza kuchonga fimbo.

Dorotea alimpa Rhobi kibuyu. "Mimina wewe, mama. Anza na mjomba wako."

Kilikuwa kizito. Rhobi alikiinamisha polepole, maziwa yakatoka kwa mabonge mazito, kikombe kikajaa. Prosper alikipokea kwa mikono miwili.

"Kujaribu sikukatazi," alimwambia. "Hata mimi nimeharibu mengi. Lakini cha mtu huombwa kwanza. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajabeba kosa lako. Kibuyu tumekishona kwa siku moja. Mimi na mama yako ungetushona kwa uzi gani?"

Prosper akanywa mpaka nusu, akafuta mdomo, kisha akanyanyuka, akavuka ua, akampa dada yake nusu iliyobaki. Dorotea akasogea kwenye benchi kumpa nafasi ya kukaa.