Nyama ya Pole

Tekla aliwasha moto ili achemshe uji wa mtoto. Kuni zilikuwa mbichi. Moshi ulijaa jikoni, na nje ukungu ulikuwa umefunika bonde lote. Ulikuwa mwezi wa pili, na katika vijiji vya jirani na Igowole mwezi wa pili unaweza kumaliza wiki nzima bila kuona jua.

Familia hii ilikuwa na miezi minne tu shambani. Kabla ya hapo waliishi Mlandege, mjini Iringa. Dastan, mume wa Tekla, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Kazi zikapungua, kodi ya chumba ikawashinda. Marehemu baba yake, Kasian, alikuwa amemwachia ekari moja na nusu na nyumba ya matofali mabichi. Basi wakafunga mizigo, wakaja na binti yao Devota, mwenye miaka mitatu.

Shamba halikuwapokea vizuri. Mahindi yalitoka ya njano. Viazi vilioza ardhini kwa sababu Dastan alipanda mahali maji yanaposimama. Majirani walimcheka, si kwa ubaya, lakini walimcheka. Jioni alikuwa anakaa kimya sana, na kimya chake kilimtisha Tekla kuliko njaa.

Kitu kimoja tu kilikwenda sawa. Mama yake Tekla alikuwa amewapa nguruwe jike mwenye mimba. Alikuwa mnene na mpole, na Devota alimwimbia kila asubuhi.

"Akizaa salama tunabaki hapa wote," Dastan alisema. "Tunauza watoto wake, tunanunua mbolea, tunaanza upya. Akishindwa, mimi naenda Rujewa kufanya kibarua kwenye mashamba ya mpunga. Wewe utabaki na mtoto."

Tekla alikulia katika nyumba ambayo baba alionekana wakati wa Krismasi tu. Hakutaka Devota akue hivyo. Kwa hiyo alimtunza yule nguruwe kuliko alivyojitunza mwenyewe.

Jumamosi moja mama Lugano, jirani yao wa upande wa juu, alifika mlangoni na kanga kichwani.

"Kamwene, mama Devota."

"Kamwene, mama."

"Nguruwe wetu mmoja aliamka mgonjwa. Baba Lugano amemchinja kabla hajafa. Njooni mtusaidie."

Kijijini hapo desturi ni hiyo. Mnyama wa jirani akiugua anachinjwa haraka, na kila nyumba inachukua nyama kidogo. Mwenye pesa analipa, asiye na pesa atalipa akivuna. Wanaiita nyama ya pole. Kuikataa ni sawa na kukataa kwenda msibani, na mgeni akiikataa basi amejiharibia jina. Ni desturi nzuri, na mimi siidharau. Imeziinua nyumba nyingi.

Dastan alifurahi kuitwa. Alivaa mabuti yake, akaenda kusaidia kuchuna na kukata. Wanaume walimkaribisha pombe ya ulanzi, na kwa mara ya kwanza walimwita mwana wa Kasian badala ya kumwita yule wa mjini. Alirudi na kilo mbili za nyama na uso mkunjufu. Kabla ya kuingia ndani alipita bandani na mabuti yale yale, akamkuna nguruwe wake mgongoni.

Tekla aliosha nyama kwenye beseni. Maji yakawa mekundu. Mjini angeyamwaga mtaroni. Lakini hapa alikuwa amejifunza kwa wenzake kwamba maji ya nyama hayapotei bure, yanampa nguruwe nguvu. Akayachanganya na pumba, akayapeleka bandani. Nguruwe alikula mpaka akalamba chombo.

Nasema haya bila kumcheka Tekla. Wengi wetu tungefanya vile vile.

Siku ya tisa nguruwe hakuinuka. Pumba zilikaa mbele yake mpaka zikachacha. Alikuwa akitetemeka, na mwili wake ulikuwa wa moto. Kesho yake masikio yalianza kuwa mekundu, kisha rangi ya zambarau, na tumboni vilevile.

"Ni baridi," Dastan alisema. Akamfunika kwa gunia.

"Dastan, baridi haibadilishi rangi ya masikio."

"Sasa ni nini? Wewe unajua?"

Tekla hakujua. Mchana nguruwe alitupa mimba. Watoto walikuwa tisa, wote wamekufa, kila mmoja na kwato zake ndogo. Tekla aliwatazama, akakaa chini kwenye matope, akalia. Dastan alisimama nyuma yake.

Baba Lugano, ambaye jina lake la ukoo ni Kalinga, alisikia kilio akashuka. Alikuwa na kisu kiunoni.

"Hii nguruwe haiponi," alisema. "Na mimi kule wawili wengine wamelala, hawali. Chinja sasa hivi, mwanangu. Ikifa yenyewe umekosa vyote. Nitawaita watu. Mlikuja kwangu, na sisi tutakuja kwako."

Dastan alikuwa tayari. Alishaanza kukunja mikono ya shati.

"Subirini kwanza," Tekla alisema. "Wako aliugua, wetu ameugua, na sasa wengine wawili kwako. Tumwite afisa mifugo. Namba yake imebandikwa ofisi ya kijiji."

"Afisa atakuja kuandika tu," Kalinga alisema. "Ataandika, ataondoka, na nguruwe itakuwa imekufa."

"Basi aandike," Tekla alisema. Akambeba Devota mgongoni, akaenda.

Afisa mifugo alikuwa mwanamke kijana anayeitwa Ikupa, Mnyakyusa wa Tukuyu. Alifika baada ya saa mbili. Pikipiki aliiacha barabarani. Alivaa mabuti safi, akayapulizia dawa kabla ya kuingia uani. Kalinga alitazama jambo hilo akacheka kidogo puani.

Ikupa alipima joto la nguruwe. Alitazama masikio, tumbo, na wale watoto tisa. Akachukua damu kwenye kichupa.

"Damu hii itakwenda maabara," alisema. "Lakini sitawaficha. Dalili hizi nazijua. Hii ni homa ya nguruwe."

"Mpe sindano," Dastan alisema.

"Haina dawa, kaka yangu. Na chanjo yake hatuna. Nguruwe akiipata, mara nyingi anakufa ndani ya siku chache. Pole sana."

"Na sisi? Tulikula nyama ya kule juu. Mtoto amekula."

"Msiogope. Homa hii haimpati mtu. Inaua nguruwe peke yake."

Dastan aliinua kichwa. "Kama haimdhuru mtu, kwa nini nisichinje nikauza? Nipate hata ya mbolea."

Lilikuwa swali la haki, na Ikupa hakulikwepa.

"Niambie. Ukichinja, watakuja kununua nyumba ngapi?"

"Kumi na tano. Labda ishirini."

"Ngapi kati ya hizo zina banda la nguruwe?"

Dastan alifikiri. "Karibu zote."

"Basi ugonjwa utaingia karibu zote. Unakaa kwenye damu, kwenye nyama, kwenye mifupa. Hata kwenye nyama ya kukausha au ya chumvi unakaa miezi. Mtu atakula nyama iliyoiva, haitamfanya kitu. Lakini mfupa ataurusha bandani. Maji ya kuoshea atayatia kwenye pumba. Au atakanyaga damu, kisha aingie bandani na mabuti hayo hayo."

Tekla alikumbuka beseni.

"Maji nilimpa mimi," alisema. "Nilimpelekea mwenyewe. Nimemuua mimi."

"Na mimi niliingia na mabuti," Dastan alisema taratibu.

"Hamkujua," Ikupa alisema.

Ni kweli hawakujua. Lakini kutojua hakukumponya nguruwe. Alikufa saa kumi, Devota akimwimbia kutoka mlangoni kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kumnyamazisha.

Walichimba shimo mbali na kisima, Dastan na Ikupa na mwenyekiti wa kitongoji. Lilikuwa refu kuliko Dastan. Walimtia nguruwe na watoto wake tisa, na gunia lililomfunika, na pumba zilizobaki, na malalo yote ya nyasi. Ikupa akamwaga chokaa juu. Mvua ilianza tena, na chokaa ikageuka uji mweupe.

Watu walisimama pembeni. Wengine walikuwa wamekuja na vyombo vyao, maana Kalinga alishawaita. Kalinga mwenyewe alisogea mpaka ukingoni mwa shimo.

"Ya kwangu mmekula," alisema. "Ya kwenu mnafukia."

Dastan aliendelea kushika jembe. Alijua kwamba jioni hiyo wangeanza tena kumwita yule wa mjini.

Tekla ndiye aliyesema.

"Tulikula, baba Lugano. Tulikula kwa upendo, na ilikuja na ugonjwa. Hukujua na sisi hatukujua. Sasa tunajua. Nikikuuzieni hii, nitakuwa nawaua nguruwe wenu kwa makusudi."

Kalinga aligeuka akaondoka. Mwanamke mmoja wa ng'ambo ya bonde, Faustina, alifunika sufuria yake tupu kwa kanga, akaenda zake.

Kesho yake mwenyekiti alitangaza karantini. Hakuna kuchinja nguruwe, hakuna kuuza, hakuna kumtoa nguruwe kijijini wala kumwingiza, hakuna kuazimana dume. Upande wa juu, nyumba sita zilizokula nyama ya Kalinga zilipoteza nguruwe wote. Kalinga alipoteza watano. Safari hii alichimba shimo mwenyewe, peke yake, na hakuita mtu. Ng'ambo ya bonde, ambako nyama haikufika, ugonjwa haukuvuka. Majibu ya maabara yalikuja yakisema alichosema Ikupa.

Mwezi wa tano Dastan alikwenda Rujewa. Alivuna mpunga wa watu, kisha akapata kazi ya kubeba magunia mashineni. Alipiga simu Jumapili. Devota aliongea naye wiki za mwanzo. Baadaye akawa anakimbia akiiona simu.

Tekla alibaki. Alilima kinyungu, ile bustani ya bondeni ya kiangazi, akapanda njegere na kabichi. Siku nyingine alilia akilima, kwa sababu hakuna aliyemwona. Ikupa alipita mara kwa mara.

"Nguruwe mwingine lini?" Tekla aliuliza.

"Mpaka nikwambie. Ni miezi, si wiki. Kwanza safisha banda. Kwangua kinyesi chote, choma malalo, osha mbao kwa sabuni, kisha tupulize dawa. Halafu libaki tupu."

"Na nikipata mwingine, nitamlisha nini?"

"Pumba, majani, viazi. Mabaki ya jikoni ukiyatumia, yachemshe. Yakianza kutokota, hesabu nusu saa nzima. Nyama ya nguruwe usimpe kabisa, hata maji yake. Jenga uzio. Weka mabuti ya bandani peke yake, yasitoke. Na mgeni asiingie, hata kama ni mjumbe wa nyumba kumi."

"Watasema najivuna."

"Watasema," Ikupa alikubali.

Na kweli walisema. Tekla alijenga uzio wa mianzi kwa mikono yake, na wapita njia walimuuliza kama anafuga dhahabu. Mama Lugano aliacha kumsalimia kwa miezi mitatu.

Mwezi wa tisa Ikupa alitoa ruhusa. Siku hiyo hiyo Faustina alivuka bonde akiwa na kapu. Ndani mlikuwa na watoto wawili wa nguruwe, wote majike.

"Chukua," alisema. "Utanirudishia wawili, hawa wakizaa. Siku ile nilikuja na sufuria. Ungeniuzia, mimi nisingekuwa na banda sasa hivi."

Tekla aliwafuga kama alivyofundishwa. Krismasi Dastan alikuja kwa siku nne. Devota alijificha nyuma ya mlango na alitoka siku ya tatu. Dastan aliona, na siku ya nne akarudi Rujewa.

Ikupa aliwatafutia dume asiye na ugonjwa, na mwezi wa nane wa mwaka uliofuata, jike wa kwanza alizaa watoto wanane, wazima. Wiki moja baadaye wa pili akazaa kumi. Tekla alipanda kilimani kutafuta mtandao, akampigia Dastan.

"Wako kumi na nane," alisema. "Wananyonya wote."

"Una hakika?"

"Nimewahesabu. Rudi nyumbani."

Dastan alifika siku ya pili yake, vumbi mpaka kwenye nyusi, begi begani. Njiani mama Lugano alimpa habari kwamba wao hawatafuga tena, baba Lugano amekataa hata kusikia. Dastan alipita haraka akaelekea moja kwa moja bandani.

Tekla alitoka jikoni akasimama mbele ya uzio.

"Usiingie."

"Tekla. Ni mimi."

"Najua ni wewe. Jana ulikula wapi?"

Dastan alifikiri. "Mafinga, stendi. Kitimoto."

"Nyama ya nguruwe! Na hayo mabuti umekanyagia wapi na wapi? Hujui. Kaoge. Nguo loweka kwenye sabuni. Bandani utaingia nikikuruhusu, na leo sikuruhusu."

Tekla alitegemea Dastan atakasirika. Mwaka mzima na zaidi amebeba magunia ya watu, na sasa anazuiwa uani kwake. Dastan alimtazama mkewe, akatazama uzio wa mianzi uliojengwa yeye akiwa hayupo. Akaweka begi chini, akainama, akaanza kufungua kamba za mabuti. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Devota alikuja akasimama hatua chache kutoka kwake. Sasa alikuwa na miaka minne na nusu.

"Maji ya kuoga yako kule nyuma," alimwambia. "Njoo nikuonyeshe, baba."